Unga wa bakteria wa kusafishia bwawa la samaki: wiki 6 za kuutumia Moshi

Nimetumia kwa wiki 6 unga wa bakteria nilioununua katika duka moja la pembejeo mjini Moshi, pakiti ya gramu 500 kwa shilingi 38,000, katika bwawa langu la perege ambalo maji yake yalikuwa yamegeuka kijani kizito. Muuzaji alinihakikishia kwamba bakteria hao wamebadilishwa vinasaba ili wale mbolea yote iliyomo majini. Pakiti haitaji jina la bakteria hata mmoja, wala idadi yao, wala tarehe ya kutengenezwa. Na kama kweli wamebadilishwa vinasaba, mnunuzi angepaswa kuonyeshwa kibali.

Hata hivyo, mabadiliko niliyaona. Nilikoroga unga na molasesi katika ndoo ya maji ya mfereji unaoingia bwawani, kwa kuwa klorini ya maji ya bomba huua bakteria, nikaufunika usiku kucha hadi ukafanya povu na kunukia kama togwa. Siku ya 9 kipimo cha amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kilichokuwa kijani kilichokolea, kilionyesha njano, yaani amonia imepungua. Sehemu ya sifa hiyo naipa molasesi, kwani bakteria wa kawaida wa bwawani wakipata sukari huichukua amonia na kujijengea miili, ilhali wale wanaoigeuza kuwa nitriti na kisha nitrati hukua polepole na hawavumilii kukaushwa, hivyo naona vigumu kuamini kwamba walifika hai ndani ya unga.

Jambo lililonitia hofu lilitokea alfajiri ya siku ya 3, nilipowakuta perege wamejazana kwenye mlango wa maji, midomo juu, wakihema. Bakteria wakila hivyo humaliza oksijeni, na pakiti haina onyo lolote. Niliwaokoa kwa kufungulia mfereji. Asiye na mfereji wala pampu ya hewa asiununue.

Wiki ya 5 ukijani ulirudi. Fosforasi, kirutubisho cha mwani unaoyafanya maji kuwa kijani, haipai hewani kama nitrojeni: bakteria huishika, wakifa huiachia, na mwani hustawi tena. Naupa unga huu nyota 2 kati ya 5. Kwa kuwa maji yetu huteremka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, wanakovua wenzetu, sikutaka kuyafungulia yaende yalivyo; nimepunguza chakula cha samaki, na tope la chini, jeusi na zito, nimelichota kwa ndoo na kulimwaga kwenye migomba.