Chupa ipi kwanza? Mpangilio wa kununua pombe za kokteli za zamani nyumbani

Hela nyingi za kokteli za nyumbani hupotelea kwenye vitu viwili: seti ya vyombo vinavyong'aa, na chupa ya rangi ya buluu ambayo baada ya sikukuu hukaa juu ya kabati mpaka kifuniko kigande kwa sukari. Hapa nimepanga chupa kwa vigezo vitatu: inafungua kokteli ngapi za zamani, inadumu muda gani ikishafunguliwa, na kama inapatikana Dar, Mombasa au Nairobi bila kumsumbua ndugu anayesafiri. Bei iangalie kwa glasi. Chupa ya mililita 750 ukiipima mililita 50 kila mara inatoa glasi 15. Gawanya bei kwa 15, ndipo uanze kusema ni ghali.

Kokteli za zamani hazina mambo mengi. Mwaka 1806, gazeti la mji mdogo wa Hudson, jimbo la New York, lilimjibu msomaji aliyeuliza kokteli ni kitu gani: pombe kali, sukari, maji na matone machungu. Basi. Ndimu, divai ya mitishamba na vimwavuli vya karatasi vilikuja baadaye. Na katika hayo ya baadaye sisi tuna bahati, kwa sababu ndimu tunanunua kwa fungu na shira ya kaimati kila jiko linaijua. Kwa vinywaji hivi chemsha sukari na maji kiasi sawa, acha ipoe, weka kwenye friji. Usinunue shira ya chupa.

1. Jini kavu

Nafasi hii haina ushindani. Jini hupata harufu yake kwenye matunda ya mreteni, na ile ya mtindo wa London hairuhusiwi kutiwa ladha wala rangi baada ya kukenekwa. Kwa sheria za Ulaya isishuke chini ya asilimia 37.5 ya kilevi. Chupa hiyo moja, ukiwa na ndimu, sukari na soda, inakupa Gimlet, Tom Collins na jini ya toniki leo leo. Ukiongeza vemuthi nyekundu na Campari za hapa chini, inakupa Negroni, na ukiongeza vemuthi kavu (divai ya mitishamba isiyo tamu), ambayo haimo kwenye orodha hii, inakupa Martini.

Kwa vinywaji vya ndimu na toniki, Gilbey's au Gordon's inatosha kabisa, na mtu anayekwambia anaonja tofauti ndani ya Tom Collins ana lake jambo. Beefeater au Tanqueray ina maana pale unapotaka Martini, kwa sababu mle hamna ndimu ya kuficha kitu. Ziache za rangi ya waridi zenye ladha ya matunda. Nyingi zina utamu tayari, na utamu usioupima mwenyewe unaharibu kokteli zote tulizozitaja.

Swali linalokuja: Konyagi je? Ina asilimia 35 na ina ladha yake laini, ambayo ukiipa ndimu, toniki na kipande cha tangawizi inapendeza kuliko jini nyingi za bei yake. Kwenye Tom Collins inakwenda. Kwenye Negroni inazama, huioni. Uganda Waragi ina asilimia 40 na imekaribia zaidi jini ya kawaida, kwa hiyo aliye Kampala hana sababu ya kulipia chupa ya kigeni kwa vinywaji virefu.

2. Ramu nyeupe

Nani angeiweka chini ya hapa wakati Daiquiri ipo? Kinywaji hiki kinahusishwa na Jennings Cox, mhandisi Mmarekani aliyefanya kazi kwenye migodi karibu na Santiago, Kuba, mwishoni mwa karne ya 19. Mililita 50 za ramu, 25 za maji ya ndimu, 20 za shira, tikisa kwa barafu nyingi, chuja. Ndicho kipimo changu cha baa yoyote: anayeleta Daiquiri nzuri, mwamini na mengine. Ikiwa chachu mno, ongeza shira mililita tano. Ikiwa tamu mno, kamua ndimu. Ukishapata mizani ya kinywa chako hapo, badilisha ramu na jini, unapata Gimlet ya ndimu mbichi. Weka wiski, unapata jamaa yao mwingine.

Ramu hiyohiyo inatoa Mojito (mnanaa wa sokoni, usiusage, ukandamize kidogo tu), Cuba Libre, na Piña Colada ambayo hoteli ya Caribe Hilton ya San Juan, Puerto Rico, inasema ilizaliwa kwake mwaka 1954. Hii ya mwisho wengine huitengeneza kwa krimu ya nazi ya kopo. Mtu wa pwani hana haja ya kopo: tui la kwanza, zito, litie sukari likiwa vuguvugu, lipoe. Nanasi lenyewe liwe limeiva.

Bacardi ndiyo inayopatikana kirahisi. Angalia tu usirudi nyumbani na ramu ya viungo ukidhani ni ramu ya kawaida, maana vanila yake inatawala kila kitu. Ramu nyeusi inafaa, lakini isubiri mpaka utakapotaka Mai Tai.

3. Angostura

Haya ndiyo matone machungu: kachupa kadogo kenye lebo kubwa kuliko shingo yake, na bei inayomfanya mtu aulize mara mbili. Nunua. Daktari Mjerumani Johann Siegert aliitengeneza mwaka 1824 katika mji wa Angostura, Venezuela, na leo hutoka Trinidad. Ina asilimia 44.7 ya kilevi, haiharibiki rafuni, na kokteli moja hutaka michirizi miwili, yaani mililita mbili hivi. Chupa ya mililita 200 inakwenda glasi mia. Kwa hesabu ya glasi hakuna kitu rahisi kama hiki kwenye orodha nzima.

4. Wiski ya bourbon

Sheria ya Marekani inataka bourbon iwe na mahindi asilimia 51 au zaidi na ilazwe kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani. Ndiyo maana ina utamu wa karameli ambao Old Fashioned inautegemea. Kijiko cha shira, michirizi miwili ya Angostura, mililita 60 za bourbon, barafu kubwa, koroga taratibu, ganda la chungwa juu. Jack Daniel's ya Tennessee inafanya kazi hiyo vilevile.

Ila kama kabatini mwako tayari mna Scotch (wiski ya Uskoti), na nyumba nyingi zinazoweka pombe zina Johnnie Walker aliyeletwa na mgeni, usikimbilie kununua bourbon. Ruka namba hii, nenda ya tano, utapata Rob Roy.

5. Vemuthi nyekundu

Ni divai iliyotiwa mitishamba na kuongezwa pombe kidogo. Wengi wanaijua kama ile Martini Rosso (jina la chupa, si kokteli ile) au Cinzano. Imewekwa ya tano kwa kosa lake moja: inaharibika. Watu huiacha rafuni mwaka mzima karibu na wiski, halafu wanasema Manhattan ni kinywaji kibaya. Ikishafunguliwa inakaa kwenye friji, na katika joto la Dar sitaitegemea kupita miezi miwili. Tafuta chupa ndogo. Manhattan ni mililita 50 za wiski, 25 za vemuthi na Angostura; ukiweka Scotch badala ya bourbon ndiyo Rob Roy.

6. Campari

Pombe nyekundu ya mitishamba, chungu. Yupo atakayeitema, na hiyo ndiyo sababu haiko juu zaidi. Imetoka Novara, Italia, mwaka 1860. Negroni, inayosimuliwa kuwa ilianza Florence mwaka 1919, ni mililita 30 za jini, 30 za vemuthi nyekundu, 30 za Campari, hutikisi, unakoroga. Kabla ya kununua chupa nzima, agiza toti moja baa uitie soda na ndimu. Ukiimaliza glasi, nunua.

Tekila (pombe ya Meksiko ya mmea wa agavi) na Cointreau (pombe tamu ya maganda ya machungwa) ninaziweka pamoja kwa namba ya 7, kwani moja bila nyingine haikupi Margarita. Kwa tekila tafuta maandishi ya agavi asilimia 100. Zisizo nayo zinaruhusiwa kuchanganywa na sukari ya mimea mingine.

Kuhusu vyombo sina maneno mengi. Chupa pana ya jemu yenye kifuniko kisichovuja inatikisa vizuri, na chujio la chai linachuja. Kipimo ni chupa ya kunyonyeshea mtoto, yenye alama za mililita. Nunua mpya ya bei ndogo, iwe ya kazi hii tu. Kitu kimoja cha kutumia hela ni barafu: trei ya vipande vikubwa, na mfuko wa kufungia barafu ikishaganda, la sivyo Daiquiri yako itanukia nguru. Chenye ndimu unatikisa, cha pombe tupu unakoroga, chenye soda unamimina soda mwishoni. Na asiyekunywa kilevi nyumbani kwako asipewe soda ya chupa kwa kuonewa huruma. Ndimu, shira, mnanaa na maji ya tangawizi vikitikiswa kwa barafu hiyohiyo vinampa kinywaji kamili.

Popote unaponunua, pombe ya bei ya chini kupita kiasi iogope. Lakiri iwe haijaguswa na stempu ya kodi iwepo. Tanzania kuna programu ya simu ya TRA ya Hakiki Stempu, na Kenya KRA wana Soma Label. Skani chupa ukiwa bado dukani, kabla hujalipa.

Za mwisho

Vodka iko mkiani, na najua nitagombana na watu. Haina ladha ya kuongeza, na kokteli zake nyingi zinakubali jini. Inayoitetea ni Dawa, iliyopata jina Nairobi kwenye mgahawa wa Carnivore uliofunguliwa mwaka 1980: vodka, ndimu iliyopondwa, sukari, asali kwenye kijiti. Hata hiyo Kenya Cane, pombe ya miwa, inaimudu.

Blue Curaçao ni pombe ya maganda ya machungwa iliyotiwa rangi. Ukiwa na Cointreau unayo ladha tayari, na rangi hainyweki. Galliano, ile chupa ndefu ya njano, nayo ni ya mtindo wa miaka ya 1970. Inatumika hasa kwenye Harvey Wallbanger: mililita 45 za vodka, 90 za juisi ya chungwa, 15 za Galliano zikielea juu. Ni kinywaji cha raha, sikipingi, lakini kwa mililita 15 kila glasi chupa hiyo utaihama nayo nyumba mbili. Ukiiona ndogo uwanja wa ndege, chukua ndogo.