Mazoezi baada ya matibabu ya saratani: hospitalini au nyumbani?

Mgonjwa akimaliza matibabu, swali hujirudia: afanye mazoezi kwa mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo), au atembee mtaani kwake?

Kwa usalama, hospitali iko mbele. Aliyevimba mkono baada ya kutolewa tezi za kwapa, ambaye saratani imefika kwenye mifupa, au aliyekufa ganzi miguuni kwa sababu ya kemotherapia (dawa za kuua seli za saratani), aonwe na mtaalamu kabla ya kunyanyua chochote.

Kwa gharama, nyumbani hakuna mpinzani. Aliyetibiwa kwenye taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kisha akarudi Kigoma, atatoa wapi nauli ya kila wiki? Mwongozo wa kimataifa wa 2019 unapendekeza dakika 30 za kuupa moyo kazi mara 3 kwa wiki, na mazoezi ya misuli mara 2. Kutembea kwa haraka na kunyanyua vidumu vya maji kunaweza kutosha.

Kazi ni kudumu na mazoezi. Utafiti wa CHALLENGE uliotolewa 2025 ulifuata wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana. Katika kundi lililosimamiwa kufanya mazoezi kwa miaka 3, asilimia 80 walikuwa hai bila saratani baada ya miaka 5; kwa waliopewa vijitabu vya elimu ya afya tu, asilimia 74. Usimamizi ni tiba, na kliniki ziuandike kama zinavyoandika dawa.

Mwenye madhara makubwa aanzie hospitalini. Mwenye nafuu anayeishi mbali aanzie nyumbani, lakini apate muuguzi wa kumpigia simu.