Prius 30 kwenye joto la Dar: ulizia feni kabla ya betri

Anayetaka kununua Toyota Prius ya kizazi cha tatu (Prius 30), gari linalotumia petroli na umeme wa betri, huuliza kwanza kilomita. Kwa Dar, mimi ningeanza kuuliza feni ya betri ilisafishwa lini.

Betri kubwa imekaa nyuma ya kiti cha nyuma: moduli 28 za nikeli, kila moja volti 7.2, jumla volti 201.6. Haipozwi kwa maji. Feni huvuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu la pembeni mwa kiti. Kwa hiyo dereva anayezima kiyoyozi na kushusha vioo ili kubana mafuta anaipa betri joto la Februari pamoja na vumbi la barabara za Goba. Huo ubahili unalipwa baadaye. Vivyo hivyo begi au shuka likiziba lile tundu.

Vumbi likigandamana na nywele kwenye mapanga ya feni, hewa hupungua na moduli za katikati, ambazo hupata joto zaidi, hutangulia kuchoka. Dalili zinaanza kabla taa nyekundu ya pembetatu haijawaka: feni inavuma kwa nguvu hata safari fupi, na vibao vya chaji kwenye skrini vinapanda na kushuka upesi kuliko zamani. Mimi nashauri feni ifunguliwe kila miezi sita na kupigwa brashi. Asiyejua kazi hii asifungue betri yenyewe. Anayejua huvuta plagi ya usalama ya rangi ya machungwa, huiweka mfukoni, husubiri dakika 10, na havui glavu za umeme.

Msimbo wa hitilafu P0A80, unaosema betri kubwa ibadilishwe, ukitokea, fundi wengi husema palepale, "betri imekufa." Tulia. Pima volti za bloku zote 14 (kila bloku ni moduli mbili) kwa simu na kifaa cha OBD, kile kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari, gari likiongeza mwendo na likipunguza. Bloku moja ikidondoka mbali na nyingine, tatizo liko kwenye zile moduli mbili, au kwenye vyuma vya shaba vinavyoziunganisha. Shaba ikiota ukungu wa kijani, hasa gari lililokaa pwani, isafishwe au ibadilishwe, kisha nati zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, 5.4 Nm. Zikikazwa kwa nguvu za mkono, nyuzi za boliti za moduli zinavunjika.

Kubadilisha moduli moja peke yake sipendekezi. Mpya hailingani na wazee 27, na baada ya muda mfupi mwingine anaanguka. Unarudi gereji kila msimu. Ukinunua betri iliyokarabatiwa, dai vipimo vya uwezo wa kila moduli, si neno la "imepimwa".

Kwenye foleni ya Kimara usiweke gia ya N. Ukiwa N mfumo hauchaji betri kubwa, huku kiyoyozi kinaendelea kuimeza. Weka P.

Halafu kuna betri ndogo ya volti 12 iliyo kwenye buti. Ikichoka, dashibodi inajaa taa na gari linakataa kuwaka, na wapo waliouziwa betri kubwa kwa kosa la hii ndogo. Ipime asubuhi kabla ya kufungua chochote. Ikiwa chini ya volti 12, anza nayo. Ichaguliwe ile yenye bomba la kutolea gesi nje, maana inakaa ndani ya gari.