Kipimo cha OBD2 cha Kariakoo kwenye IST: nunua kabla ya filta ya koni

Kama ndiyo unaanza kujifunza injini na tayari una hamu ya kufunga filta ya koni (filta ya hewa iliyo wazi, badala ya ile ya kiwandani) au kubadili ekzosi, tafuta kwanza kipimo cha OBD2 cha Bluetooth, kinachosoma kompyuta ya gari na kukuonyesha kwenye simu. Ni zile nakala za chipu ya ELM327 zinazouzwa Kariakoo. Changu nimekilipia shilingi 25,000, nakitumia kwenye Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE.

Kazi iko kwenye kuchagua. Vingi vilivyoandikwa toleo la v2.1 vimepunguzwa uwezo: taa inawaka vizuri tu, lakini gari haijibu. Ulizia v1.5, na ujaribu kwenye gari yako kabla ya kulipa, maana Toyota za Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 si zote zinazojibu hata kipimo kikiwa kizima. Mwenye iPhone achukue cha WiFi.

Soketi yenye matundu 16 iko chini ya dashibodi, upande wa usukani. Chomeka, fungua swichi, unganisha simu kwa namba ya siri 1234 au 0000, kisha fungua programu ya Torque au Car Scanner.

Anza na joto la maji. Injini ikishapata moto likae kati ya nyuzi 85 na 95. Likishuka hadi 65 ukiwa kwenye mwendo, huenda thamostati (vali inayozuia maji hadi injini ipate moto) imeng'olewa. Mafundi wengi hapa Dar huitoa "kwa ajili ya joto". Matokeo yake kontrolboksi (kompyuta ya injini) inadhani injini bado baridi, inaongeza petroli, na wewe unalalamikia ulaji wa mafuta.

Utamu wenyewe uko kwenye marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ya petroli ambayo kontrolboksi inaongeza au kupunguza, ya muda mfupi na ya muda mrefu. Jumlisha yote mawili: ndani ya asilimia 10, juu au chini, usihangaike. Ikisoma +20 kwenye sailensa (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta) halafu ikashuka ukikanyaga hadi mizunguko 2,500, kuna hewa inaingia kwa wizi, kagua mipira na gasketi ya manifoldi. Ikizidi kupanda kadiri unavyokanyaga, shuku sensa ya hewa kuwa chafu au pampu ya mafuta kuchoka.

Sasa hiyo koni. Ukiwa na filta ya kiwandani, soma joto la hewa inayoingia kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana, andika. Funga koni, rudia pale pale, muda ule ule. Ikiwa inavuta hewa ya ndani ya boneti, namba itapanda, na hewa ya moto ni nyepesi: umenunua mlio, nguvu imepungua. Zile za kupakwa oili zina balaa lingine, oili ikizidi inaganda kwenye waya wa sensa ya hewa na kodi ya hitilafu P0171 (petroli kidogo kuliko hewa) inakuja. Safisha sensa kwa dawa yake maalumu, si ya kabureta. Na ukishawishiwa kung'oa masega (kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi), tegemea P0420, kodi ya kisafisha moshi kutofanya kazi.

Kasoro ya kipimo ni kwamba kodi inakuonyesha pa kuanzia tu, haikutajii spea. Gari inamisi na imetoa P0301 (silinda ya kwanza haichomi vizuri)? Usikimbilie Gerezani kununua spea. Piga picha kodi, fungua koili ya silinda ya kwanza (upande wa mkanda, bolti ya namba 10), ibadilishane na ya pili, futa kodi, endesha. Ikirudi P0302, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, toa plagi uone mwanya wake. Wa injini hii ni milimita 1.1.

ABS na eabegi changu hakisomi, na namba zinachelewa kidogo ukifungua nyingi kwa pamoja, kwa hiyo fungua tatu au nne tu. Ukilaza gari kichomoe, kinanyonya betri hata swichi ikiwa imezimwa.