Simu au kompyuta: mwalimu wa Moshi aanzie wapi?

Simu iko mfukoni tayari, na bando la siku linatosha kufungua vitabu vya kiada kwenye Maktaba Mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania). Umeme ukikatika, unaendelea kusoma.

Lakini jaribu kujaza alama za wanafunzi 45 kwenye Excel (programu ya majedwali) ya simu: kidole kimoja kinagusa seli, yaani visanduku, tatu! Kwenye kompyuta ya steshenari moja karibu na soko la Mbuyuni niliandika =AVERAGE(B2:B46), yaani wastani wa alama zilizo seli B2 hadi B46, nikabonyeza Enter, wastani huo hapo. Kwa kalamu na kikokotoo kazi hiyo ilikuwa inanila jioni nzima. Ubaya wake unalipia kwa saa, na flashi husahaulika (mimi nimeshaacha mbili).

Kwa kujisomea, simu. Kwa matokeo na mitihani, vumilia kompyuta. Kipanya kinasumbua wiki ya kwanza tu.