Uzoefu wangu: kupima mzigo kwa k6 ndani ya Docker

Nilihamia k6, programu ya kupima seva inavyohimili maombi mengi, kwa uvivu tu. Programu niliyoizoea ilitaka Java, dirisha lililojaa vitufe, na laptopu yenye pumzi. Hapa, kwa kutumia Docker (inayoendesha programu ndani ya kontena, yaani kisanduku kilichotengwa na mashine), nilikuta mstari mmoja:

docker run --rm -i grafana/k6 run - <jaribio.js

Zaidi ya Docker hakuna cha kusakinisha, na kontena likimaliza kazi linajifuta lenyewe. Skripti unaandika kwa JavaScript.

Mweleka wa kwanza niliula dakika ileile. API yangu (programu ya seva niliyokuwa naipima) ilikuwa localhost, yaani kwenye mashine yangu mwenyewe, poti 8080, na kila ombi likakataliwa. Kumbe ndani ya kontena, localhost ni kontena lenyewe! Kwenye Linux nikaongeza --add-host=host.docker.internal:host-gateway, nikabadilisha anwani kwenye skripti, mambo yakaenda.

Kosa lililoniumiza lilikuja baadaye. Niliweka k6 na API kwenye seva moja, nikaibana k6 kwa --cpus=1 (prosesa moja tu) isije ikainyima API nafasi. Watumiaji bandia 300. Asilimia 95 ya maombi yakajibiwa ndani ya sekunde 1.9, wakati kikomo nilichoweka ni milisekunde 500, kwa hiyo k6 ikatoka na kodi 99 (ishara kwamba kikomo kimevukwa) na kila jaribio likawa jekundu. Siku mbili nzima nikachokonoa hifadhidata. Nikaongeza hata faharasa (ilihitajika, lakini hiyo ni hadithi nyingine). Ndipo nikafungua docker stats, inayoonyesha kila kontena linatumia prosesa kiasi gani: API inasinzia chini ya asilimia 30, k6 imegota kwenye 100. Majibu yalikuwa yanafika, ila k6 ilikosa zamu ya kuyasoma, na kule kungoja ikakuhesabu kama ucheleweshaji wa API. Yaani mgonjwa alikuwa mpimaji! Niliipeleka k6 kwenye mashine yake yenye prosesa 4, bila kikomo cha prosesa. Skripti ileile, milisekunde 310.

Kumbukumbu nayo iangalie. Kila mtumiaji bandia hubeba injini yake ya JavaScript, kwa hiyo faili kubwa la data lisome kwa SharedArray (orodha moja inayotumiwa na wote), la sivyo kila mmoja atabeba nakala yake. Na ukitaka kuandika matokeo kwenye folda ya nje ya kontena, ongeza -u "$(id -u)", maana kontena haliendeshwi kama root (msimamizi mwenye ruhusa zote).

Bado naitumia, na sina mpango wa kurudi nilikotoka. Kikomo cha prosesa sasa nakiweka kwenye kontena la API, kilekile itakachokuwa nacho ikienda kwa wateja. k6 naiacha huru.