Plagi za gari la turbo: soma namba ya mwisho kabla hujalipa

Subaru Forester yangu ya turbo imeua koili mbili (kifaa kinachozipa plagi umeme wa kutoa cheche) ndani ya miezi minne. Ya pili ilikufa katikati ya mlima Kitonga, gari linamisi, taa ya injini inawaka na kuzima, malori yananipigia honi nyuma. Mara zote mbili fundi aliweka koili mpya akarudisha plagi zilezile. Nilipozichomoa mwenyewe nikasoma: BKR6EIX-11.

Hiyo 11 ndiyo iliyonitia hasara. Kwa NGK, kampuni iliyotengeneza plagi hizo, ni mwanya wa milimita 1.1 kati ya ncha mbili. Kwenye injini ya kawaida haina shida. Ukipandisha busti, yaani shinikizo la hewa inayosukumwa na turbo, hewa kwenye silinda inabanwa zaidi na cheche inadai volti nyingi zaidi kuruka mwanya uleule. Koili inajikamua kila mzunguko. Siku umeme ukishindwa kuruka, unatafuta njia nyingine na kutoboa mpira wa koili au koili yenyewe kwa ndani. Na mwanya unazidi kupanuka ncha zikilika, kwa hiyo plagi kuukuu ni mbaya zaidi.

Mimi ni wa NGK Iridium IX, na kwa gari lililoongezwa nguvu nachukua BKR7EIX isiyo na namba nyuma. Mwanya wake ni 0.8, na 7 kwenye jina ni ya baridi kuliko 6, yaani ncha yake inapoa haraka zaidi. Ncha yake nyembamba ya milimita 0.6 inarusha cheche kwa volti chache. Usinunue ya -11 ukaigonga hadi 0.7, iridiamu inavunjika kirahisi. E ni urefu wa sehemu yenye nyuzi, milimita 19, linganisha na plagi iliyotoka kwenye injini yako.

Ya pili ni Denso IK22, ncha 0.4, joto sawa na 7 ya NGK. Za nikeli kama BKR7E ni za bei rahisi, ila zinalika haraka, uzibadilishe mapema.

Kinachoniuma ni wauzaji. Ukiuliza mwanya unajibiwa, "Ni OG hizo, dada," yaani orijino, huku anakutolea nne kutoka boksi lililokwisha kufunguliwa. Koili ikifa, yeye huyohuyo anakuuzia nyingine, bei ya plagi seti nzima na zaidi. Siku hizi natembea na geji ya waya kwenye mkoba. Napima zote nne palepale kaunta, na anayenuna namwachia mzigo wake.